Gemu ya mjomba: miezi mitatu na kava moja la plastiki

Kaka yangu alipofariki mwaka 2019, vitu vyake vilivyonifikia Kigoma vilienea kwenye sanduku moja la bati. Mashati mawili ya kazi, redio, daftari la hesabu za mizigo, na gemu ya mkononi, Game Boy Advance nyeupe, aliyoinunua Bujumbura mwaka 2007 wakati akifanya kazi kwenye boti za mizigo. Gemu zile zilitoka kiwandani kuanzia mwaka 2001, kwa hiyo hata yeye aliipata ikiwa imeshapita mikono ya watu. Aliipenda sana. Usiku boti ikiwa imetia nanga alikuwa akiishika karibu na taa ya karabai, kwa sababu skrini yake haina mwanga wake yenyewe. Bila jua au taa huoni kitu.

Mwaka jana mwezi wa tatu mwanangu, mwenye miaka 11, alilifungua sanduku akaikuta. Betri mbili za AA zilikuwa zimevuja na kuacha unga wa kijani kwenye vyuma vyake. Nikausafisha kwa pamba yenye siki, nikaweka betri mpya, na ikawaka. Mwanangu akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Lakini sura yake ilikuwa imechakaa: nyeupe imegeuka njano kama meno ya mvuta sigara, mikwaruzo kila upande, na doa jeusi pembeni lililokataa sabuni. Akaniuliza, "Mama, gemu ya mjomba tunaweza kuipaka rangi?" Nikamjibu bila kufikiri kwamba tunaweza. Mimi nina saluni ndogo mtaa wa Mwanga hapa Kigoma, napaka watu kucha kila siku, na niliamini kabisa kwamba anayejua rangi ya kucha anajua rangi.

Kazi niliyodhani ni ya Jumapili moja ilinichukua kuanzia Aprili mpaka Julai, na fedha shilingi 74,500. Nimeona niiandike yote, pamoja na sehemu zinazoniuma, kwa sababu makosa niliyoyafanya si ya namna moja. Yako ya rangi, na rangi hata ikiharibika vipi utaitoa urudie. Yako ya plastiki yenyewe, na hayo ukishayafanya umeyafanya. Mimi nilikuwa naogopa yale ya kwanza, nikayakimbilia haya ya pili.

Kosa la kwanza lilikuja kabla hata ya rangi. Gemu hii imefungwa kwa skrubu sita ambazo kichwa chake si cha nyota bali kina pembe tatu, kama herufi Y, na ya saba, ya nyota ya kawaida, iko ndani ya chumba cha betri. Nikaenda kwa kijana fundi simu jirani. Alikuwa nayo bisibisi ya Y, ya kufungulia simu, ila ncha yake ni ndogo mno kwa skrubu hizi. Tukalazimisha. Skrubu mbili zikaanza kulika vichwa, na hapo nikashukuru kwamba niliogopa nikasimama. Ukiona bisibisi inazunguka na skrubu imetulia, acha papo hapo; kichwa kikishaisha utabaki kuitoboa kwa keke, na kava lenyewe litapasuka. Niliagiza bisibisi yenye saizi yake kutoka Kariakoo, shilingi 10,000, na kifurushi kwenye basi 7,000. Ilichukua wiki, na ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote.

Kufungua kwenyewe si kugumu ukienda taratibu. Piga picha kwa simu kila hatua. Tumia trei ya mayai: kila skrubu kwenye shimo lake, na andika kwa peni inatoka wapi. Kava la nyuma likiachia, angalia batani mbili za juu za kushoto na kulia. Zimekaa kwenye kipini chembamba cha chuma chenye springi, na springi hiyo ikiruka kwenye zulia la saluni lenye nywele za watu huipati tena. Yangu moja ilikaa kwenye zulia kwa siku mbili. Skrini imeunganishwa na mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, kwa fleksi, utepe mwembamba wa rangi ya kahawia. Usiuvute. Pana kikufuli kidogo cha plastiki pande zote mbili za soketi. Kisukume nje kwa kucha, fleksi itatoka yenyewe. Kioo cha mbele kimegandishwa kwa gundi, nacho nilikilegeza kwa mashine yangu ya kukaushia nywele, moto wa kati, dakika mbili hivi, halafu nikakisukuma kwa kidole kutokea ndani. Lebo ya fedha ya nyuma nayo ilitoka kwa njia hiyohiyo, nikaibandika kwenye nailoni ili niirudishe.

Basi ikawa Jumamosi ya Aprili. Tulikuwa tumekula ugali na migebuka ya mawese, nikanawa mikono kama mtu anavyonawa baada ya chakula, nikalifuta kava kwa kitambaa kilicholowa maji, nikaliweka juu ya gazeti kwenye uchochoro nyuma ya saluni. Nikatikisa kopo la rangi ya kupuliza, ya bluu, nikapuliza.

Dakika ya kwanza ilipendeza. Ya pili, rangi ikaanza kukimbia. Sijui namna nyingine ya kuieleza: sehemu moja baada ya nyingine bluu ilijivuta pembeni na kuacha vishimo vya mviringo, kila kimoja na ukingo wake mnene, na katikati plastiki ya njano ikitazama. Vilikuwa kama macho ya dagaa walioanikwa. Vingi vilikuwa pembeni, mahali hasa ambapo mkono hushika. Nikaongeza rangi ili vizibe, vikapanuka.

Yalikuwa mafuta. Mawese hayatoki mkononi kwa maji matupu, kila mtu wa Kigoma anajua kwa sababu ya kuosha sufuria, ila sikuwa nimelihusisha jambo hilo na rangi. Tena mahali penyewe nilipochagua ni nyuma ya saluni, ambako siku nzima tunapuliza mafuta ya kung'arisha nywele, na mengi ya hayo yana silikoni. Inapeperuka na kukaa kwenye kila kitu. Rangi haishiki juu ya mafuta hata kidogo. Ninachofanya sasa ni kuosha kila kipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo mara mbili, kwa mswaki, hasa kwenye kona, kusuuza mpaka maji yatandae sawasawa juu ya plastiki badala ya kujikusanya matone, kuacha ikauke kabisa, kisha kuifuta kwa spiriti. Tangu hapo haiguswi na kidole kitupu. Glavu za saluni zinatosha.

Lakini siku hiyo sikujua. Nilichokiona ni rangi iliyoharibika, na kwangu rangi ikiharibika juu ya kucha inatolewa kwa asetoni. Nikachukua chupa, nikalowesha pamba, nikasugua.

Rangi ilitoka, ndiyo. Halafu pamba ikaanza kunata. Nilipoinyanyua iliacha nyuzi zake zimezama ndani ya plastiki, na chini yake uso umekuwa laini kama sabuni iliyokaa kwenye maji, na alama ya kidole changu cha shahada imeingia humo, mistari yote inahesabika. Nikajaribu kuilainisha kwa kidole kingine na nikaongeza alama ya pili. Kava la gemu hizi ni plastiki aina ya ABS, ileile ya matofali ya Lego, na asetoni haiisafishi bali inaiyeyusha. Tina, ile ya kuzimulia rangi za magari, inafanya kazi hiyohiyo ya uharibifu. Nimekaa na asetoni miaka tisa, ninajua inavyokausha kucha na ngozi, na sikuwahi kufikiria inaweza kula kitu kigumu. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia. Haikuwa kwa ajili ya plastiki. Ni kwamba kile kitu kilishikwa na mikono ya kaka yangu kwa miaka 12, na sasa kina kidole changu.

Jirani yangu mmoja akaniambia badala ya kulia niende mtaa wa Gungu, kuna mzee fundi rangi wa magari ambaye pia hupaka boti. Nikaenda Jumatatu. Nikamsalimia shikamoo, nikamtolea kava kwenye mfuko. Aliligeuza mara nyingi bila kusema kitu, akalinusa, kisha akaniuliza, "Umeshika nini tena baada ya hapa?" Nikamwambia sijagusa tangu Jumamosi. Akasema, "Umefanya vyema, mwanangu. Ungeendelea leo ungeliharibu zaidi. Liache wiki nzima ligande." Ushauri huo ndio ulioliokoa. Plastiki iliyolainishwa na asetoni inarudi kuwa ngumu dawa ikishatoka yote, na hapo unaweza kuifanyia kazi kama kidonda kilichopona. Ukiisaga ikiwa bado laini inachunika na kubeba msasa.

Alinielekeza pia namna ya kutoa rangi iliyobaki bila kudhuru: spiriti. Kwanza nijaribu tone moja ndani ya chumba cha betri, ningoje nusu saa nione kama plastiki inabadilika. Haikubadilika. Nikalilaza kava kwenye beseni la spiriti usiku mmoja, limefunikwa, mbali na jiko la mkaa na mbali na mtoto, asubuhi nikasugua kwa mswaki. Rangi ilitoka vipande vipande kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Si yote, iliyobaki kwenye kona niliisaga. Chombo cha spiriti kiweke nje, na asiwepo mtu wa kuwasha kiberiti karibu.

Baada ya wiki alama zile za vidole nilizijaza pati ya magari, ile laini ya kumalizia, tabaka nyembamba tatu, kila moja ikakauka kwanza. Msasa wa maji namba 400 kusawazisha, 800 kulainisha. Ukipitisha ukucha juu yake huhisi tena chochote. Kwa mchana mmoja nilijiona nimeliweza jambo.

Mchana huohuo ndipo nilipofanya kosa ambalo halikurekebishika.

Kwenye mfuniko wa betri kaka alikuwa amechonga herufi mbili za jina lake kwa msumari, na kistari kifupi chini yake, kama mabaharia wanavyotia alama vyombo vyao ili visichanganyike. Nilikuwa nimeziona. Nilikuwa nazijua. Lakini nilikuwa na msasa mkononi, nimeshapata mwendo, vipande vimepangwa mstari, nikauchukua mfuniko nikausaga kama nilivyosaga vingine. Maji yalikuwa meupe kwa unga, sikuona kitu. Nilipousuuza, herufi ya pili ilikuwa imebaki kivuli, na kistari kimekwisha. Ya kwanza ilipona kwa sababu aliichonga kwa nguvu zaidi.

Sina la kiufundi la kusema hapo. Msasa hauna kurudi. Kabla hujaanza, keti na kitu chako mezani bila kifaa chochote, ukitazame pande zote, na kila ambacho hutaki kupoteza kifunike kwa tepu au kitoe kabisa kwenye kazi. Mfuniko ule niliufunga kwenye kitambaa nikaurudisha kwenye sanduku la bati, na sikumwambia mwanangu kwa siku tatu. Nilipomwambia alinyamaza, akaenda kuutazama mwenyewe.

Tuliendelea, ila kwa utaratibu mwingine. Niliachana na uchochoro wa saluni. Nikachukua boksi kubwa la nywele bandia, nikalilaza kwa ubavu chini ya mwembe nyumbani, uwazi wake ukiutazama upande usio na upepo, na kava nikalishikisha kwenye kopo tupu la maziwa kwa tepu ya pande mbili ili nilizungushe bila kuligusa. Ndani ya kava nilikuwa nimeziba kila kitu kwa tepu ya karatasi: nguzo za skrubu, matundu ya batani, mlango wa kaseti ya mchezo. Barakoa mbili moja juu ya nyingine, na mwanangu akae mbali, kifua chake si kizuri. Ile siku ya uchochoroni niliumwa kichwa mpaka usiku, na sikuwa nimelihusisha hilo na rangi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi, inazuia vumbi lake tu; kinachokusaidia ni kufanya kazi nje na kusogea pembeni kila ukimaliza kupuliza.

Nilianza na praima ya kijivu, rangi ya chini inayoishikilia ile ya juu. Kopo litikisike dakika mbili tangu uisikie gololi ikigonga. Umbali ni kama shubiri moja na vidole vitatu, sentimita 20 hadi 30. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye kipande na uachie ukishakipita, maana tone kubwa hutoka mwanzoni na mwishoni. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la kupuliza, usifunike. Uonekane kama vumbi, plastiki ikichungulia. Huu ndio ugumu mkubwa kwa mtu wa kucha, kwa sababu kucha unataka ifunike mara moja. Nilihesabu dakika 15 kati ya mkono na mkono, na mikono mitatu ikatosha.

Bluu nayo ilikubali safari hii, hakuna kishimo hata kimoja. Nilipata mchirizi mmoja karibu na batani ya kuanzia kwa kukawia pale, na mdudu mmoja. Vyote viwili dawa yake ni kutofanya chochote papo hapo. Mdudu nilimtoa baada ya siku mbili kwa kibano cha nyusi, mchirizi nikausaga kwa msasa 800 na maji baada ya siku nne, nikapuliza mkono mwepesi juu. Ungeufuta mchirizi ukiwa mbichi ungekuwa na bonde badala ya kilima. Jioni baada ya mvua msiache kitu kibichi karibu na taa, kumbikumbi hawana huruma. Funika kwa ndoo iliyoinuliwa kidogo kwa vijiti hewa ipite.

Halafu klia, ile ya kung'aa isiyo na rangi inayopigwa juu ya rangi kuilinda. Bluu ilikuwa na siku mbili tangu ule mkono wa mwisho, ukiigusa ni kavu, haina hata kunata. Nikapuliza klia niliyoinunua duka jingine kwa sababu lile la kwanza iliwaishia. Nilikuwa nimeipa mgongo kuweka kopo chini, nilipogeuka uso mzima ulikuwa unajikunja. Kama utando wa maziwa yanapopoa, ule unaojikusanya ukiusukuma kwa kijiko. Mbele ya macho yangu, bila sauti, kona hadi kona.

Nilirudi Gungu. Mzee alinitaka nimletee makopo yote mawili, akayageuza akasoma nyuma. Bluu yangu ilikuwa rangi ya mafuta. Hiyo hukauka juu kwanza, ndani inabaki mbichi siku nyingi. Klia ilikuwa ya jamii nyingine, yenye dawa kali inayokauka upesi. Dawa ile ilipenya, ikaifikia bluu mbichi, ikaivimbisha, na bluu haina pa kwenda ila kujikunja. Makopo huandikwa kwa maandishi madogo kwamba mkono mwingine upigwe ndani ya muda fulani mfupi, au usubiri siku kadhaa. Katikati ya hapo ndipo balaa lilipo, na mimi niliingia katikati. Sikuwa nimesoma. Praima, rangi na klia nunua za jamii moja, ikiwezekana za kampuni moja, duka moja, siku moja. Kama huna hakika, puliza kwanza kwenye kijiko cha plastiki na klia juu yake, ungoje siku nzima. Kijiko ni shilingi 100. Kopo la bluu la pili lilinigharimu 7,000, la klia 9,000, na wiki mbili za kungoja ile mikunjo igumu ndipo isagike.

Mzee alinipa kipimo kimoja ninachokitumia mpaka leo. Usiguse, nusa. Kiweke kipande puani. Kikinuka rangi bado hakijaiva, hata kidole kikikuambia kimekauka. Vile vipande nilivipanga juu ya kabati la chumbani nikawa navinusa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Siku ya 13 havikunuka kitu.

Mara ya tatu nilikuwa na makopo ya jamii moja, na bado nilikosea, kwa haraka ya kutaka kumaliza kabla ya siku ya kuzaliwa ya mwanangu. Ilikuwa Mei mwanzoni, mvua za mwisho, saa kumi na moja jioni, hewa nzito ya ziwa. Klia ilitua vizuri, kisha ikapata ukungu mweupe kama kioo cha gari alfajiri. Dawa inayoyeyusha rangi inapopaa hupooza uso wa kipande, na hewa ikiwa na unyevu mwingi unyevu huo hugeuka maji na kunaswa humo ndani ya klia. Hapa nilijifunza kutokimbia. Nililifunika kava, nikalitia ndani, nikasubiri. Mvua zilipokata na kiangazi kikaingia, asubuhi moja ya Juni saa nne, jua limeshakausha umande na upepo wa vumbi haujaanza, nikapiga mkono mmoja mwepesi wa klia ileile. Ulilainisha ule wa chini, unyevu ukapata njia, na weupe ukapotea nikiwa nautazama, kuanzia pembeni kwenda kati. Mtu akiniuliza wakati wa kufanya kazi hii Kigoma nitamwambia Juni hadi Agosti, saa tatu hadi saa tano asubuhi. Na usianike juani kuharakisha. Nililijaribu kwenye kipande cha majaribio juu ya bati, rangi ikatoa malengelenge.

Kuunganisha nilingoja mpaka Julai, kwa kipimo cha pua. Hata hivyo batani ya kushoto ya juu ilikuwa inabonyea na kukwama, kwa sababu rangi ina unene na kiwanda hakikuacha nafasi ya unene huo. Nilikwangua kingo za ndani kwa wembe mpya, kidogo kidogo, nikiijaribu kila mara, mpaka ikarudi yenyewe. Mshono wa kava nao ulibaki wazi upana wa karatasi upande mmoja, tatizo ni rangi iliyoingia chini ya tepu kwenye mdomo, wembe tena. Skrubu zisikazwe kwa nguvu, nguzo zake ni za plastiki. Kioo nilikibandika kwa ile gundi ya pande mbili ya mafundi simu, baada ya kupuliza vumbi kwenye skrini kwa bomba la sindano tupu, mara ishirini na kitu, maana chembe moja ya vumbi humo utaitazama maisha yote.

Fedha zilikwenda hivi: bisibisi na usafirishaji 17,000, makopo mawili ya bluu 14,000, mawili ya klia 18,000, praima 8,000, msasa 6,000, pati 5,000, spiriti 4,000, tepu 2,500. Mzee hakutaka kupokea chochote. Nilimpelekea mke wake lita moja ya mawese. Kama nisingekosea, ningetumia chini ya 60,000. Kuna makava mapya ya gemu hizi yanauzwa mtandaoni, ya rangi zote, na kwa mtu ambaye kava la zamani halina maana kwake ningemshauri anunue hilo asijitese.

Mfuniko wa betri ulikuwa wa mwisho. Nilikuwa nimebakiza bluu ya kutosha, nikamwuliza mwanangu kama tuupake ufanane. Aliushika kwenye mwanga wa dirishani, akauinamisha mpaka kivuli cha ile herufi ya pili kikaonekana, akasema, "Huu acha, mama. Wa mjomba." Kwa hiyo gemu ni bluu yote, ya bluu ya maji ya ziwa pale Katonga saa sita mchana, na mgongoni ina kipande kimoja cha njano chenye herufi moja na nusu. Huicheza barazani alasiri, ameipa jua mgongo ili skrini ipate mwanga, na kidole chake cha kati kimezoea kukaa juu ya ule mchongo. Sijamwona akikiweka pengine.

Bisibisi ya pembe tatu ninayo saluni, kwenye droo ya vibano, pamoja na msasa wa 800 uliobaki na nusu kopo la klia. Mwenye gemu kama hii hapa mjini aje aazime. Asetoni tu ndiyo sitamruhusu kuigusa.